Maneno, mikono ya mama, kitenge au dawa ya usingizi: kipi kimfae mtoto anayepigwa eksirei?

Eksirei yenyewe ni kufumba na kufumbua. Kwa picha ya kifua cha mtoto, mionzi hutoka kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, mashine inalia, basi. Kinachokula muda ni yale yanayotangulia. Mtoto ameingizwa chumba asichokijua, chuma kikubwa kinaning'inia juu ya kitanda, mtu asiyemfahamu anamwambia avue shati, na pengine mkono umevunjika na hataki hata upepo uuguse. Akitikisika, picha inaharibika. Akibanwa kwa nguvu, picha inaweza kupatikana, lakini safari nyingine ataanza kulia akiwa getini.

Nafanya kazi ya picha hapa Kigoma. Watoto tunaowapokea ni hao hao mnaowajua: aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, aliyegongwa na bodaboda akitoka shule, mwenye kikohozi kisichosikia dawa, mdogo aliyemeza sarafu. Njia za kumfanya mtoto atulie ni nne: kuongea naye, kushikwa na mzazi, kuviringishwa nguo na kuegemezwa kwa vifaa, na kulazwa kwa dawa. Wazazi huuliza ipi ni bora, na wenzangu wanaoanza kazi huuliza hivyo hivyo. Naona hakuna iliyo bora kwa kila mtoto, lakini upo utaratibu. Anza na maneno hata kama unajua mtaishia kwenye mikono, kwa sababu anayeshika mtoto aliyekwisha kuzungumza naye hahitaji nguvu nyingi.

Kwa nini picha itoke mara ya kwanza

Wazazi wanaogopa mionzi, na wana haki ya kuuliza. Picha moja ya kifua humpa mtu takriban milisiveti 0.02 (milisiveti ni kipimo cha mionzi anayoipata mtu). Mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na hata kwenye chakula hutupa kila mmoja wetu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, kwa hesabu ya dunia nzima. Maana yake picha hiyo ni kama siku tatu hivi za kuishi tu. Ni kidogo, na mama ambaye mwanawe ana nimonia au anashukiwa kifua kikuu asiikatae kwa hofu hiyo. Lakini mwili wa mtoto bado unajengwa, seli zake zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake. Kwa hiyo tunatumia mionzi michache kadiri inavyowezekana, mradi picha isomeke.

Picha iliyotikisika haisomeki, na isiyosomeka inarudiwa. Hapo dozi imekuwa mara mbili na faida imebaki ya picha moja. Ndiyo maana dakika kumi za kumbembeleza mtoto si dakika za kupoteza, hata foleni ikiwa imefika uani. Ninapolinganisha njia hizi nne, hilo ndilo ninalolitazama kwanza. La pili ni mtoto atatoka mle chumbani akiwa na hali gani, maana mtoto mwenye mguu uliovunjika atarudi tena kupigwa picha ya kuangalia kama mfupa umeunga.

Maneno

Maneno yanaanzia nyumbani, na hapo kuna wazazi wa aina tatu.

Wa kwanza humwambia mtoto njiani, "Ukilia, daktari atakuchoma sindano." Huyo anatupa kazi ngumu sana, maana mtoto akiona koti jeupe anaisubiri sindano, na eksirei ya kawaida haina sindano. Wa pili humwambia wanakwenda kununua biskuti. Mtoto anajikuta amevuliwa shati, na kuanzia hapo hamwamini mama wala mimi. Wa tatu anasema, "Tunakwenda kupiga picha ya mkono wako ili daktari aone mfupa ulivyo. Kuna mashine kubwa, haitakugusa. Nami nitakuwepo." Hayo yanatosha. Mtoto wa miaka miwili mwambie mkiwa mlangoni, kwa sababu ya jana ameshayasahau. Wa minne hadi sita mwambie asubuhi ya siku hiyo. Wa minane na kuendelea mwambie mapema zaidi, apate nafasi ya kuuliza, maana ana maswali na hapendi kushtukizwa.

Chumbani tunafuata utaratibu ambao madaktari wa meno ya watoto wameutumia kwa miaka mingi: eleza, onyesha, kisha fanya. Mashine ya eksirei ina taa inayoonyesha mahali mionzi itakapopita, na katikati ya mwanga huo kuna kivuli cha msalaba. Taa hiyo si mionzi, unaweza kuiwasha utakavyo. Kwangu hicho ndicho chombo cha thamani kuliko vyote kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba. Sikiliza mazungumzo yanavyokwenda na mtoto wa miaka mitano hivi, mkono umefungwa ubao, amejificha nyuma ya kitenge cha mama yake.

"Hujambo, baba?"

Kimya.

"Mkono gani uliokuudhi?"

Ananyoosha kidevu kuelekea wa kushoto.

"Pole. Hii taa yangu inachora. Ona, imechora kwenye kiganja changu. Ichore na kwa mama?"

Mama ananyoosha mkono, mwanga unamwangukia, mtoto anatokeza kichwa. Baada ya hapo anataka na yeye achorwe. Kisha linakuja swali lenyewe: "Itauma?"

"Mashine haiumi. Haikugusi kabisa. Ila nitaugeuza mkono wako, na hapo utauma kidogo. Nitahesabu mpaka tatu halafu nauacha. Ukitaka kulia lia, ila mkono ubaki kwenye mwanga."

Wako wanaoona ni bora kumwambia "haitauma" apate kutulia. Mimi siafiki, na sababu yangu ni ya kikazi kabisa. Mfupa hupigwa picha angalau mbili, moja kwa mbele na moja kwa ubavu, kwa sababu mvunjiko usioonekana upande mmoja huonekana upande mwingine. Ukimdanganya kwa ya kwanza, ya pili huipati. Ukimwambia kweli na ukahesabu tatu kama ulivyoahidi, ya pili anaitoa mwenyewe. Hata ile ruhusa ya kulia ina kazi yake: mtoto aliyeambiwa asilie ana mambo mawili ya kuzuia, aliyeruhusiwa kulia ana moja tu.

Maneno hayawezi kushindana na maumivu makali. Mtoto aliyevunjika apewe dawa ya maumivu kabla ya kuletwa kwetu, na ipewe muda wa kufanya kazi. Mzazi, ukiona umeandikiwa picha na mtoto hajapewa chochote, uliza pale pale kwa daktari. Ubao nao usifunguliwe bila sababu, kwani picha hupita kwenye ubao mwepesi na kwenye bandeji.

Kwa kifua, ugumu uko kwenye pumzi. Tunataka mapafu yaliyojaa hewa, lakini mtoto wa miaka minne ukimwambia "vuta pumzi, ibane" anapandisha mabega na kutoa hewa yote. Mwambie anuse. "Mama anakaanga migebuka, harufu inatoka jikoni, nusa nisikie." Hapo kifua kinapanda chenyewe. Fanyeni mazoezi mara mbili tatu kabla ya kupiga. Michezo ya kupuliza mshumaa tuiache, maana puto na mishumaa hutoa hewa, na sisi tunaitaka ibaki ndani.

Halafu kuna lugha. Mtoto mdogo kutoka vijijini Buhigwe au Kasulu anaweza kuwa anajua Kiha tu, na wa kambi ya Nyarugusu akawa anajua Kirundi au Kibembe; Kiswahili atakikuta shuleni. Kumpandishia sauti hakumfanyi aelewe. Mfundishe mama maneno matatu unayoyahitaji, yaani tulia, vuta pumzi, imekwisha, ayaseme yeye kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti yake ambayo mtoto anaijua. "Mwakeye" moja, salamu ya Kiha, kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe imewahi kunifungulia uso uliokuwa umekunjwa tangu mapokezi.

Ukomo wa njia hii ni umri na hali. Chini ya miaka miwili maneno humtuliza mama zaidi ya mtoto, ingawa nalo ni jambo kubwa, kwa sababu mtoto husoma uso wa mama yake. Mtoto anayehema kwa shida naye hana nafasi ya hadithi.

Mikono ya mzazi

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, hakuna njia inayoishinda hii. Umri huo ndio anaoogopa wageni kuliko kitu chochote, na kumtenganisha na mama ndiko kunakoleta vita. Vyumba vingine vina desturi ya kuwatoa wazazi wote nje na kubaki na mtoto. Siioni faida yake, isipokuwa mzazi ana sababu ya kutoka.

Sababu kubwa ni mimba. Mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asishike mtoto. Aingie baba, shangazi au bibi. Ulizeni hili kwa staha, na mama, usione haya kulisema. Hutakiwi kutoa maelezo mengine. Pia mtoto mwingine aliyebebwa mgongoni atolewe nje. Hili husahaulika sana: mama anavaa aproni mbele, na nyuma ana mtoto mchanga amelala. Anayenyonyesha hana tatizo, maziwa hayaharibiki kwa eksirei.

Anayeshika apewe aproni nzito yenye madini ya risasi. Mionzi inayomfikia si ile ya moja kwa moja, ni ile inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mtoto, nayo ni kidogo, lakini hakuna sababu ya kuipokea bure. Mikono yake isiingie kwenye mwanga wa taa. Asimame pembeni, asiiname juu ya mtoto. Kama hujapewa aproni, iombe kabla hujashika. Vyumba vya eksirei nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya Sheria Na. 7 ya 2003, na kuwalinda wanaoingia chumbani ni sehemu ya kazi hiyo, si upendeleo.

Je, kwa nini nesi au mtaalamu wa picha asishike yeye, aliyezoea? Kwa sababu mama anashika mara moja, na sisi tuko pale kila siku. Tukishika kila mtoto, kidogo kidogo kinakuwa kingi. Mtumishi hushika pale tu ambapo hakuna ndugu kabisa, na si yule yule kila mara.

Namna ya kushika ina maana kuliko nguvu. Kwa kifua cha mtoto anayeweza kukaa, mama asimame mahali mtoto anapoweza kumwona usoni, ainue mikono yote miwili ya mtoto juu mpaka viwiko vikae kando ya masikio, kisha avibane taratibu ili mikono ishike na kichwa. Kidevu kiwe juu, la sivyo kinafunika ncha za mapafu. Mtu wa pili ashike magoti. Mwili usipinde upande, kwa sababu kifua kilichopinda huonyesha moyo mkubwa kuliko ulivyo na kumpa daktari ugonjwa ambao haupo. Kwa mkono au mguu, mtoto akae mapajani, mama amkumbatie kwa nyuma, na kiungo kinachopigwa tu ndicho kiwe mezani. Kuukunja au kuugeuza mkono uliovunjika asiambiwe mama afanye. Hiyo ni kazi yetu, na mtoto asije akakumbuka kuwa aliyemuumiza ni mama yake.

Kilio si kikwazo cha picha ya kifua. Mtoto anayelia kwa nguvu hufika mahali akavuta hewa kwa pumzi ndefu kabla ya kilio kinachofuata, na hapo mapafu yamejaa kuliko ya mtoto aliyetulia. Mpiga picha mzoefu anasikiliza mdundo wa kilio na kubonyeza kwenye hiyo pumzi. Kwa hiyo mama anayeona aibu kuwa mtoto analia, asione. Tunachotaka ni mabega yatulie.

Udhaifu wa njia hii ni mzazi mwenyewe. Wapo wanaoshindwa kuvumilia, wanaachia mikono mtoto akipiga kelele, au wanaanza kulia pamoja naye. Si kosa. Mara nyingi bibi aliyekuja naye anaweza kazi hiyo vizuri zaidi, naye ana sauti ambayo mtoto hubishana nayo kidogo. Ulizaneni hapo nje nani aingie, kabla jina halijaitwa.

Kitenge na vifaa

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hasa wa miezi sita kushuka, hutulia akiviringishwa. Khanga au kitenge chepesi kinatosha. Pamba nyepesi haionekani kwenye picha, lakini mikunjo minene au fundo huweza kuonekana, basi kitandikwe vizuri. Kwa kifua, viringisha kuanzia kiunoni kushuka ili miguu isipige, na mikono ibaki juu. Kwa mguu au mkono, viringisha mwili wote na acha kiungo kimoja nje. Mtoto awe amenyonya na ana nepi kavu. Ukichanganya shibe, joto la nguo na sauti ya mama, mara nyingi anasinzia, na umepata picha ambayo hata mtu mzima hakupi.

Vipo pia vifaa vya chumbani: sponji za pembe mbalimbali za kuegemeza, mifuko ya mchanga ya kuweka juu ya kitambaa kuzuia mguu usihame, mikanda mipana. Vinasaidia sana pale ambapo mzazi hawezi kushika, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake hujikaza bila yeye kutaka. Kwa huyo, muulize mama kwanza anamlaza vipi nyumbani. Anajua pembe ambayo mwanawe hutulia kuliko sisi wote. Hivyo hivyo kwa mwenye usonji: kelele ya mashine au mguso wa mtu mgeni vinaweza kumvuruga kuliko picha yenyewe, na mama atakwambia kipi.

Nikilinganisha kitenge na mikono, naona mpaka uko kwenye miezi kumi na miwili hadi kumi na minane. Chini ya hapo nguo inamliwaza. Juu ya hapo anaiona kama kufungwa, anapigana nayo, na mtoto anayepigana na mkanda anatikisika kuliko aliyeshikwa na mama yake. Mtoto wa miaka mitatu sitaki kumwona amefungwa mikanda ikiwa kuna ndugu pale nje mwenye mikono miwili.

Na kama lazima atumie mkanda, aelezwe mzazi kwanza, kisha mtoto, na ufunguliwe mara picha inapopatikana. Asiachwe amefungwa huku sisi tukikagua picha.

Dawa ya usingizi

Hapa nitakuwa mfupi. Kwa eksirei ya kawaida, dawa ya usingizi karibu haihitajiki kabisa. Ina masharti: mtoto afunge kula na kunywa, ambapo kwa kawaida ni muda wa saa 2 kabla ya dawa kwa maji, muda wa saa 4 kwa maziwa ya mama, muda wa saa 6 kwa maziwa mengine na chakula. Awepo mtu mwenye ujuzi wa kulinda njia ya hewa, oksijeni, na kipimo cha oksijeni kwenye damu. Baadaye aangaliwe mpaka azinduke vizuri. Kumpitisha mtoto kwenye hayo yote kwa ajili ya picha ya mkono ni hatari kubwa kuliko faida.

CT-Scan, ile eksirei inayozunguka mwili na kuupiga picha vipande vipande, ina hesabu tofauti. Mtoto anapaswa kutulia kwa muda mrefu zaidi, na CT ya kichwa ina takriban milisiveti 2, yaani kama picha mia moja za kifua. Kurudia hiyo ni jambo zito, kwa hiyo daktari anaweza kuona dawa inafaa. Hata hivyo mashine za sasa humaliza kichwa kwa sekunde chache, na mchanga wa miezi michache anaweza kunyonyeshwa, kuviringishwa na kuachwa alale usingizi wake mwenyewe. Muulize daktari kama hilo linawezekana kabla ya kukubali dawa. Na usimpe mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi nyumbani ili asinzie. Hujui itachanganyikana na nini utakapofika.

Basi uchague vipi?

Kwa kifua: wa chini ya mwaka, kitenge na mikono. Wa mwaka hadi mitatu, mikono ya mama, na usihangaike na kilio. Wa minne hadi saba, taa na migebuka, mama asimame karibu. Wa minane kuendelea, zungumza naye kama unavyozungumza na mtu anayeelewa, na mwulize kama anataka mzazi abaki.

Kwa mfupa uliovunjika, dawa ya maumivu ndiyo inayotangulia, kisha maneno, kisha mapaja ya mama. Hapa nguvu haina nafasi kabisa, kwa sababu kuvuta mkono uliovunjika kunaweza kuongeza madhara.

Sarafu iliyomezwa: picha inachukua kuanzia shingoni hadi tumboni, mtoto kwa kawaida yuko sawa ila ameogopa kwa kugombezwa. Msigombeze. Mtoto aliyegombezwa anaficha alichomeza, na sisi tunataka kujua kama ni sarafu au betri ndogo ya duara, ile ya saa na ya midoli. Betri iliyokwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2 tu, na kwenye picha hufanana sana na sarafu, isipokuwa ukingo wake huonekana kama duara mbili. Mkijua ni betri, semeni mkiwa mlangoni, mpite foleni.

Mambo mawili ya kuongeza, kwa sababu huleta ugomvi usio wa lazima.

La kwanza ni vitu vya mwilini. Kwenye picha ile ya mkono wa Anna Bertha, mke wa Wilhelm Röntgen aliyegundua eksirei, iliyopigwa Desemba 1895, pete yake ilijitokeza wazi kidoleni. Chuma, shanga na hata ngozi nene huacha kivuli. Mtoto akiwa na hirizi shingoni na picha ni ya kifua, kivuli chake kinaweza kukaa juu ya pafu. Asiikate mtu kwa mkasi wala asiikejeli. Mwombe bibi aifungue mwenyewe, aishike mkononi, amvishe tena picha ikiisha. Nimeona mabibi wakikubali mara moja walipoombwa hivyo, na kukataa kabisa walipoamrishwa. Nywele zilizosukwa kwa nyuzi nene zifungwe juu zisifike mabegani.

La pili ni aproni ya mtoto mwenyewe. Zamani tulikuwa tukifunika sehemu za siri za mtoto kwa kipande cha risasi. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kilishauri desturi hiyo iachwe, na wataalamu wa Uingereza wakafuata mwaka 2020, kwa sababu kinga hiyo ina faida ndogo mno, inaweza kufunika kinachotafutwa, na mashine zinazojipimia zenyewe huweza kuongeza mionzi zikikutana nayo. Vyumba vingine bado huiweka, vingine haviweki. Usipoiona, usidhani mwanao amepuuzwa. Kinachomlinda zaidi ni mwanga wa taa uliobanwa mahali panapohitajika tu, na picha moja isiyorudiwa.

Kwa binti aliyekwisha kuvunja ungo, iwapo picha ni ya tumbo au nyonga, lazima tumwulize tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Aulizwe peke yake, na mwanamke ikiwezekana, si mbele ya baba yake wala foleni nzima. Apewe kitenge au gauni la kujifunika. Mvulana wa umri huo naye ana haya zake, funga mlango.

Linabaki swali la mwisho, nalo ni gumu kuliko yote: umejaribu kila kitu, mtoto bado anapigana, mwendelee au muahirishe? Tazama picha ni ya nini. Kifundo cha mguu kilichoteguka na kidole kilichobanwa na mlango vinaweza kusubiri mchana, mtoto ale, alale kidogo, mrudi. Picha ya kuangalia kama mfupa umeunga inaweza kusubiri hata kesho. Mtoto anayehema kwa shida, aliyeumia kichwa au shingo, au aliyemeza betri hasubiri. Huyo anashikwa, imara na kwa muda mfupi, na watu wawili waliokwisha kupangiana nani anashika wapi, huku mmoja tu ndiye anayezungumza naye. Picha ikishatoka, mama ambebe hapo hapo. Kisha muiteni mbele ya kioo cha kompyuta aone mifupa yake, kama hali inaruhusu. Wengi hunyamaza ghafla, na kuanza kuuliza huu ni upi.